Kitabu cha Al-Buni na Hofu ya Majumbani Mwetu

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuyajua ya siri kama ayajuavyo ya dhahiri. Twamshukuru kwa neema ya Uislamu, na twamwomba atuthibitishe juu yake mpaka siku ya kukutana Naye. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, Masahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baadu. Enyi Waislamu! Tunakuusieni, na twajiusia sisi wenyewe kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu. Anayemcha Mola wake hofu nyingine humpungukia. Na asiyemcha Mola wake huogopa kila kitu: huogopa bundi juu ya paa, huogopa jirani aliyenyamaza, huogopa hata shangazi aliyemlea. Khutba yetu ya leo ni juu ya hofu hiyo, na juu ya kitabu kimoja kinachotumiwa kuilisha.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu ameipa wilaya yetu ya Rungwe neema zisizo chache. Mvua yetu ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za nchi hii. Migomba, chai, viazi na maziwa vinatoka hapa kwenda Mbeya na hata Dar es Salaam. Lakini wazee wetu wa Kinyakyusa walituachia pia hofu ya zamani. Baina ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa na watu wa Rungwe wakichunguza desturi zao, na baadaye Bibi Monica aliandika vitabu juu ya mambo hayo, kimojawapo mwaka 1951. Tunasoma humo kwamba watu waliamini mchawi ana chatu tumboni, kwamba huruka usiku kula matumbo ya watu na kunyonya maziwa ya ng'ombe wa wenzake, na kwamba wako walinzi wa kijiji wanaomwona ndotoni. Tunasoma pia juu ya mwafi, dawa ya kiapo: aliyeinywa akatapika alihesabiwa hana hatia, na asiyetapika alihesabiwa mchawi. Aghalabu mtu aliyetuhumiwa ilimbidi ahame kijiji chake akaanze maisha upya ugenini.

Walakini wazee hao hao waliamini jambo jingine lenye hekima ndani yake. Waliamini kuwa manung'uniko ya majirani humdhuru mwenye kukosa adabu, mwenye choyo na mwenye kuwadharau wazazi. Na dawa ya jambo hilo ilikuwa kwenda kuomba radhi na kula pamoja. Hapo palikuwa na njia ya suluhu. Tunalisema hili kwa sababu hofu inayouzwa katika zama zetu haina suluhu ndani yake. Ina bei tu.

Maana siku hizi hofu ile ya zamani imevikwa kanzu. Wako watu wanaozunguka mijini na vijijini, wakijiita waganga wa kitabu, wamebeba msahafu mkono mmoja na kitabu kingine mkono wa pili. Kwa kuwa kitabu hicho kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ndani yake mna majina ya Mwenyezi Mungu na aya za Qurani, Muislamu asiyesoma hudhani kuwa hiyo ndiyo dini yenyewe. Hata jirani yetu Mkristo, ambaye mhubiri wake amemkataza kwenda kwa mganga wa kienyeji, hunong'ona kwamba dawa ya Waislamu ni kali zaidi. Sifa gani hiyo, ndugu zangu! Dini iliyokuja kuvunja masanamu yasifiwe kwa ukali wa hirizi!

Enyi Waislamu! Kitabu kinachotajwa zaidi kuliko vyote katika kazi hii huitwa Shamsul Maarif, yaani Jua la Maarifa, na anayetajwa kuwa mtungaji wake ni Sheikh Abul Abbas Ahmad bin Ali Al-Buni. Jina hili limevuka bahari, likafika Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, na kutoka pwani limepanda mpaka huku milimani kwetu. Yafaa tumjue mtu mwenyewe, maana Mwenyezi Mungu ametukataza kuyafuata tusiyo na ilimu nayo.

Al-Buni anaitwa hivyo kwa kunasibishwa na mji wa Buna, ulioko pwani ya kaskazini ya Aljeria, ambao leo huitwa Annaba. Aliishi katika karne ya sita na ya saba ya Hijria. Alikwenda Tunis, akasoma kwa Sheikh Abdulaziz Al-Mahdawi, mtu wa njia ya usufi, ambaye ndiye pia aliyekuwa sheikh wa Ibn Arabi mashuhuri. Kisha akahamia Misri. Nakala za kale za vitabu vyake zinaonyesha kwamba mwaka 622 wa Hijria, sawa na mwaka 1225 wa Miladi, alikuwa karibu na Cairo, mahali paitwapo Qarafa, akiwasomesha wanafunzi wake kitabu kirefu cha kueleza majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Wengi husema kuwa mwaka huo ndio aliokufa.

Basi huyu hakuwa mpiga ramli wa sokoni. Alikuwa mtu wa ibada na halaka, na wanafunzi wake walikuwa wachache. Aliyoyaandika juu ya siri za herufi na za majina hayakutupwa mbele ya kila mtu. Yalizunguka baina ya watu wa karibu, na ni baada ya kufa kwake, hasa katika karne ya nane ya Hijria, ndipo vitabu vyake vilipoenea kwa watawala na matajiri wa Misri na Sham.

Wanazuoni hawakunyamaza. Ibn Taymiya, aliyekufa mwaka 728 wa Hijria, alimshutumu vikali. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 808, aliandika mlango mzima juu ya elimu ya siri za herufi katika Mukadima yake, akamtaja Al-Buni kwa jina. Ibn Khaldun alikuwa mtu wa kupima mambo: alieleza hoja za watu hao namna wanavyoziona wenyewe, akapambanua baina ya mchawi na mwenye talasimu. Lakini mwisho wa maneno yake alibainisha kuwa sheria haikutenganisha baina ya sihiri na talasimu. Vyote imeviweka katika mlango mmoja wa haramu, kwa sababu ya madhara yake.

Na liko jambo jingine ambalo wauzaji wa kitabu hiki hawalisemi. Kile kitabu kikubwa kinachouzwa kwa jina la Shamsul Maarif Al-Kubra, kilichopigwa chapa Cairo katika karne ya 19 na kuenea ulimwenguni, si kile alichokiandika Al-Buni. Wachunguzi wa nakala za kale wamekuta ndani yake majina ya watu walioishi baada ya yeye kufa. Mtu aliye kaburini hawezi kuwanukuu watu ambao hawajazaliwa! Kimekusanywa na mikono mingine, miaka mamia baadaye, likawekwa juu yake jina la sheikh aliyetangulia ili kipate heshima.

Enyi vijana mnaosoma madrasa, zingatieni hapa. Umma huu umefundishwa kuuliza: Nani kakuambia, na yeye kaambiwa na nani? Hadithi moja ya kusugua meno kwa mswaki haikupokewa mpaka wapokezi wake wakajulikana mmoja mmoja. Je, tutakubali kuitia mikononi mwa kitabu kisichojulikana hata mkusanyaji wake imani yetu, mali yetu na heshima ya jamaa zetu?

Ama huyo Sheikh Al-Buni mwenyewe, hesabu yake iko kwa Mola wake, na sisi hatumhukumu maiti. Tunakihukumu kinachotendwa leo kwa jina lake.

Ndugu Waislamu, ndani ya kitabu hicho mna nini? Mna herufi 28 za Kiarabu zilizolinganishwa na manzila 28 za mwezi. Mna saa za sayari, kila sayari na buhuri yake. Mna masharti ya kufunga na kujitenga, na miito ya kuwaita malaika na majini kwa majina ambayo si ya Kiarabu wala hayakuja katika Qurani. Mna mihuri na miraba ya hesabu. Na makusudi yake? Kutia mapenzi na kutia chuki, kuingia kwa wakubwa, kutafuta hazina. Pamoja na hicho, waganga wa pwani hutumia pia vitabu vya falaki vinavyonasibishwa na Abu Maashar wa Balkh, mnajimu aliyekufa mwaka 272 wa Hijria, kwa kutafuta nyota ya mtu.

Tuitazame kazi hii kwa macho ya mwanafunzi wa shule, maana giza likimulikwa hutoweka. Mraba ulio mashuhuri kuliko yote una vyumba tisa. Mstari wa juu andika 2, 7, 6. Wa kati andika 9, 5, 1. Wa chini andika 4, 3, 8. Jumlisha kwa upana, kwa urefu au kwa pembe: kila mara utapata 15. Ni hesabu nzuri, na mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kwa chaki ubaoni. Lakini hesabu hiyo haina uwezo wa kumzuia mwizi, wala wa kumrudisha mume aliyeondoka, kama vile jedwali la kuzidisha lisivyo na uwezo huo.

Ama nyota, hupatikana hivi. Kila herufi ina thamani: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea mpaka 1,000. Mganga huchukua jina la mgonjwa na jina la mama yake, akajumlisha, akagawanya kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota. Tuchukue mfano wa Ali mwana wa Fatuma. Ali ni aini 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Fatuma, kwa maandishi ya Kiarabu, ni fe 80, alifu 1, to 9, mimu 40, he 5, jumla 135. Zote pamoja ni 245. Gawanya kwa 12, itabaki 5. Nyota ya kwanza ni Punda, ya pili Ng'ombe, ya tatu Mapacha, ya nne Kaa, ya tano Simba. Basi Ali huyu nyota yake ni Simba.

Sasa fikirini. Akina Ali wana wa akina Fatuma ni wangapi kutoka Tukuyu hadi Mombasa? Mmoja ni mzee mgonjwa, mwingine ni kijana wa shule, wa tatu ni nahodha, wa nne amekwisha kufa. Kitabu kinawapa wote nyota moja, maradhi mamoja na adui mmoja! Ilhali Mwenyezi Mungu ametufahamisha, katika Sura ya Al-An'am, aya ya 59, kwamba funguo za ghaibu ziko Kwake na hakuna azijuaye ila Yeye. Na siku jua lilipopatwa, ikawa ndiyo siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), watu walisema jua limehuzunika. Mtume, naye yumo katika msiba wa mwanawe, aliwakanusha, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Kama mbingu hazikubadilika kwa ajili ya mwana wa Mtume, zitashughulikaje na duka la fulani au mchumba wa fulani?

Enyi Waislamu! Huenda msikilizaji akasema: Je, mnakanusha kuwapo kwa uchawi? La, hatukanushi. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 102, Mwenyezi Mungu ametueleza kuwa mashetani waliwafundisha watu sihiri, na kwamba Nabii Suleiman hakukufuru bali wao ndio waliokufuru. Na ametaja sihiri ya kutenganisha mume na mke. Lakini katika aya hiyo hiyo amesema kuwa hawawezi kumdhuru mtu yeyote ila kwa idhini Yake. Na Mtume (S.A.W.) aliihesabu sihiri miongoni mwa mambo saba yenye kuangamiza, akaitaja mara tu baada ya shirki. Ajabu ni kwamba wenye mihuri huiita mihuri yao kwa jina la Suleiman, yule yule ambaye Mwenyezi Mungu amemtakasa na uchawi!

Sasa tuliendee jambo lililo kubwa kuliko yote katika khutba hii. Mganga wa kitabu huuza vitu viwili. Cha kwanza ni kinga. Cha pili, nacho ndicho kibaya zaidi, ni jina la adui.

Tuseme, kwa mfano, mama mmoja wa upande wa Kiwira amekwenda Kyela kwa jamaa zake, na mtoto wake wa miaka miwili. Huku kwetu Tukuyu kuna baridi, lakini Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto na mbu wa malaria. Siku chache baada ya kurudi, mwili wa mtoto unawaka moto. Usiku anakakamaa, macho yanageuka, povu linamtoka. Nyumba nzima inapiga kelele. Mmoja anasema ni degedege, na degedege si ugonjwa wa hospitali. Mwingine anamjua mganga wa kitabu. Anaitwa. Anafungua kitabu, anauliza jina la mtoto na la mama yake, anaandika tarakimu, anachoma ubani, kisha anasema: Naona mkono wa mwanamke mtu mzima, wa karibu nanyi, nyumba yake iko upande wa machweo.

Ndugu zangu, ni nyumba ipi katika Rungwe isiyo na mwanamke mtu mzima upande wa machweo? Macho yote yanamgeukia shangazi, mjane, anayeishi peke yake ng'ambo ya migomba. Mtoto anavishwa hirizi. Mtamba aliyekuwa akitegemewa kwa maziwa anauzwa ili mganga alipwe. Na saa zinakwenda. Malaria kali humwua mtoto mdogo kwa siku moja au mbili, wakati zahanati ina kipimo cha tone la damu ya kidole, chenye kutoa jibu kwa muda usiotimia nusu saa, na hospitali ya wilaya ya Makandana iko pale pale Tukuyu. Mtoto akifa, mganga hatahesabu kosa. Atasema: Mchawi wenu alikuwa na nguvu. Hapo shangazi amekwisha. Hatasalimiwa, hatapewa maji, na Mwenyezi Mungu akitunusuru na lililo baya zaidi, atahama.

Mmeona, enyi waja wa Mwenyezi Mungu? Nyumba ile imepoteza mtoto, imepoteza mtamba, na imeukata udugu, ambao Mwenyezi Mungu ameamrisha uungwe. Na yote hayo yametendwa kwa mabaki ya kugawanya kwa 12.

Sikilizeni alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha kwamba mtu aitwaye Labid bin Al-A'sam alimfanyia Mtume sihiri, kwa chanuo na nywele, ikatiwa kisimani. Mtume akamwomba Mola wake, akaomba tena na tena, mpaka Mwenyezi Mungu akamjulisha lilipo jambo lenyewe na mtu aliyelitenda. Je, alimpeleka mbele ya watu? Alitangaza jina lake msikitini? Alituma vijana waichome nyumba yake? Hakufanya hata moja. Bibi Aisha alipomwuliza, alimjibu kwa maana ya kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kumponya, naye hapendi kuwachochelea watu shari.

Zingatieni hapa, enyi wenye akili! Yeye alijua kwa wahyi, ujuzi usio na shaka, na bado aliifunga shari isienee. Wewe unajua kwa ramli, na wataka kumfukuza shangazi yako! Yeye alikuwa ndiye mtawala wa Madina, na alisamehe. Wewe huna ushahidi ambao hakimu angeupokea hata kwa kesi ya kuku, na wataka kumhukumu mtu!

Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mponyaji ambaye hapana uponyaji ila Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, mtu akinyang'anywa fimbo ya uwongo, hana budi apewe fimbo ya kweli, asije akaanguka. Basi tufanye nini tukipatwa?

Kwanza, tutafute dawa. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa. Mtoto akipata homa apelekwe zahanati usiku ule ule. Dua isomwe njiani, asiachwe nyumbani kwa kungojea dua. Wala hatuwalaumu matabibu wa asili wajuao majani na mizizi, ambao sheria ya nchi ya mwaka 2002 imewawekea utaratibu wa kusajiliwa. Anayekupa mti wa kikohozi ni tabibu. Anayekupa jina la jirani yako si tabibu, ni mfitini.

Pili, tujisomee wenyewe. Sura ya Al-Fatiha, Ayatul Kursiyyi, Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas: ni nani miongoni mwetu asiyeweza kuzihifadhi? Zisome asubuhi na jioni, wasomee watoto wako wanapolala. Hazina ada, hazitaki buhuri wala saa ya sayari, na hakuna aliye karibu na mtoto kwa huruma kuliko mama yake anayemwombea.

Waganga wengine hutoa hoja kwamba Sahaba mmoja alimsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na nge, akapewa kundi la kondoo, na Mtume akakubali. Hadithi hiyo ni ya kweli. Lakini itazameni vizuri. Alisoma Qurani tupu, wala hakuita majini. Mgonjwa alipona, na jeraha lake lilikuwa la nge, si la jirani. Na Masahaba hawakuwatumia kondoo wale mpaka walipomwuliza Mtume. Mwenye kufuata hadithi na aifuate yote.

Kuhusu kombe, wanazuoni wamehitalifiana juu ya kuandika aya za Qurani peke yake na kunywa maji yake. Asiwepo wa kumtukana mwenzake kwa hilo. Lakini maandishi yenye majina yasiyofahamika, miito ya majini na mihuri ya nyota, hayo hayamo katika hitilafu hiyo. Mtume aliruhusu kusomeana maadamu hakuna shirki ndani yake. Na lisilofahamika maana yake, utajuaje kuwa halina shirki?

Tatu, tusiende kwao hata kwa kujaribu. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Masheikh wetu wa Afrika Mashariki wamelihubiri jambo hili kabla yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili katika magazeti yake ili Waislamu watoke katika ujinga wa dini na wa dunia. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekufa mwaka 1982, alitafsiri Qurani nzima kwa Kiswahili ili kila nyumba iweze kuyafahamu maneno ya Mola wake bila ya kungojea mtu wa kuyageuza kuwa hirizi. Kitabu hicho ndicho cha kununuliwa.

Nne, tuchunge ndimi zetu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ni Sura ya 18 katika sheria za Tanzania, hairuhusu kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Na mwezi wa Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, baada ya ndugu zetu wenye ualbino kuuawa kwa sababu ya maneno ya watu kama hao. Lakini kabla ya sheria ya Serikali iko haki ya Mwenyezi Mungu: kumsingizia mtu asiye na hatia ni dhuluma, na dua ya mwenye kudhulumiwa haina kizuizi, awe Muislamu au asiwe.

Basi ukirudi nyumbani leo, fikiri: yuko nani katika ukoo wako aliyeachwa kusalimiwa kwa sababu ya neno la mganga? Mwendee kabla ya Ijumaa ijayo. Mchukulie maziwa au mkungu wa ndizi, kaa naye, mwombe radhi. Wazee wetu walijua kwamba moyo wa jirani ukituliwa, nyumba hutulia. Na Uislamu umetuamrisha zaidi ya walivyojua. Jambo hili ni zito kuliko kuvua hirizi shingoni, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola wetu, zitakase nyoyo zetu na kila hofu isiyokuwa hofu Yako. Waponye wagonjwa wetu, waliomo hospitalini na waliomo majumbani. Wahifadhi watoto wetu na homa, na wahifadhi wazee wetu na ndimi zetu. Wajane wetu wape majirani wema. Waongoze waganga waliopotea, watubie kabla ya kufa, na utughufirie sisi tuliowafuata kwa ujinga. Ibarikie wilaya yetu, nchi yetu na viongozi wetu, na utupe amani baina yetu na majirani zetu wa dini zote. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.